Kelele za Msibani

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mara nyingi methali hii tunaitumia kumnyamazisha mtu: hukufiwa wewe, hukufukuzwa kazi wewe, basi funga mdomo. Ni methali nzuri, ila kuna swali inaliacha wazi. Je, mtu anaruhusiwa kuuimba uchungu ambao haukumpata yeye? Na sisi tunaokaa pembeni na spika zetu masikioni, tunaruhusiwa kuufurahia?

Mimi swali hili limenijia kupitia bendi za kelele. Namaanisha ile panki ya gereji iliyonyonya ziwa la bluzi: gitaa linakwaruza kama bati linaloburutwa barabarani, ngoma zinapigwa kwa hasira, mwimbaji anapayuka kama kagombana na jirani. Gereji hapa si ya fundi magari, bwana. Ni kibanda cha kuegeshea gari nyumbani, ambako vijana wa Marekani wa miaka ya 1960 walikuwa wakifanyia mazoezi kwa sababu ndani walikuwa wakifukuzwa.

Niliingia kwa mlango wanaoingilia wengi, The White Stripes wa Detroit. Watu wawili tu, Jack na Meg White, gitaa na ngoma, hakuna besi. Kwenye albamu yao ya mwaka 2000, De Stijl, kuna wimbo unaoitwa "Death Letter". Mwanamume anapokea barua kwamba mpenzi wake amefariki, anakwenda kumwona amelazwa. Nikaupenda kabla sijajua ni wa nani. Baadaye nikaona jina la mwenye wimbo, Son House, nikamtafuta.

Kumbe mzee huyu alizaliwa Mississippi mwaka 1902, akawa mhubiri kabla ya kushika gitaa. Mwaka 1930 alirekodi nyimbo chache ambazo hazikuuzwa, kisha dunia ikamsahau. Mwaka 1964 vijana wapenzi wa bluzi walimkuta Rochester, jimbo la New York, akiwa ameacha kupiga gitaa zamani. Akarudi jukwaani. Ukiisikiliza "Death Letter" aliyoirekodi mwaka 1965 unaelewa mara moja kwamba kelele za wale vijana zilikuwa na baba. Gitaa la chuma linapigwa kama linaadhibiwa, na sauti ya mhubiri bado imo ndani yake.

Binamu yangu alinikuta siku moja nausikiliza wimbo huo natikisa kichwa. Nikamweleza maneno yake. Akaniangalia: "Yaani mwenzio kafiwa, wewe unacheza?"

Swali lake si la kupuuza. Kuna historia ya wizi hapa, na wizi wenyewe haukuwa wa vichochoroni. Mwaka 1969 Led Zeppelin walitoa "Whole Lotta Love" bila kumtaja Willie Dixon, ingawa wimbo huo ulichota waziwazi kwenye "You Need Love", aliouandika Dixon na kuimbwa na Muddy Waters mwaka 1962. Dixon alifungua kesi mwaka 1985, wakaelewana nje ya mahakama mwaka 1987. Karibu miaka ishirini mwenye mali alikuwa nje ya uzio anawatazama wengine wakila. Linganisha na Cream, ambao mwaka 1966 waliimba "I'm So Glad" ya Skip James na kuandika jina lake. Mzee alikuwa mgonjwa, na fedha za wimbo huo zilimfikia angali hai. Wote walikuwa vijana wa Uingereza wenye magitaa ya umeme, na wote walikuwa wamekilalia kitanda hicho kwa kukitazama tu. Lakini wamoja walikopa, wengine wakakwapua.

Kwa hiyo kutolilalia godoro la mwenzio si kosa peke yake. Kosa liko kwingine, na namna nzuri ya kulieleza tunayo huku kwetu. Kwenye misiba ya makabila mengi ya Tanzania huwa wapo watani. Watu wanalia, mtani anakuja anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, anadai alipwe deni, anapiga kelele mpaka wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Mpita njia akifanya hivyo atapigwa. Mtani hapigwi. Kwa nini? Kwa sababu mtani huyohuyo ndiye anayeshika jembe kaburini, anayepika, anayehangaika na mambo ya mazishi. Na siku akifiwa yeye, kelele zitahamia kwake. Haki yake ya kupiga kelele haitokani na kuhisi uchungu sawasawa na mfiwa. Inatokana na kushiriki kazi ya msiba.

Nikizipima bendi hizi kwa kipimo hicho, naona mengi.

Chukua The Gories, walioanza Detroit mwaka 1986: Mick Collins, kijana mweusi, na wenzake wawili weupe, Dan Kroha na Peggy O'Neill. Magitaa mawili, ngoma chache, besi hakuna, na muziki wenyewe ndiyo kwanza wanajifunza. Mtu anayejua bluzi vizuri angewacheka. Mimi nadhani kutojua kwao kuliwaokoa. Kuna wapigaji wanaoiga bluzi noti kwa noti, hata mkwaruzo wa koo wanauiga, kana kwamba wamelima pamba maisha yao yote. Hao ndio wananitia shaka, maana wanadai kuwajua kunguni. The Gories hawakudai. Walichukua mdundo ule wa kugonga palepale bila kuchoka, wakaujaza kunguni wa chumba chao wenyewe. Cha kushangaza ni kwamba bendi hiyo ilipoanza, Son House alikuwa bado hai, mzee anayeishi kimya katika mji huohuo. Alifariki Detroit mwaka 1988.

Na tusidhani kelele ni kitu vijana walichokiongeza juu ya bluzi iliyokuwa safi. Mwaka 1951 kundi la Ike Turner lilikwenda Memphis kurekodi "Rocket 88", uliotoka kwa jina la Jackie Brenston. Spika ya gitaa iliharibika njiani, wakaishindilia karatasi, ikatoa mngurumo uliochanika, na Sam Phillips aliyekuwa akirekodi akaupenda akauacha. Mkwaruzo ule ni wa watu weusi waliofanya kazi na vifaa walivyokuwa navyo. Anayesema panki "iliichafua" bluzi hajaisikiliza bluzi.

Kesi ngumu kuliko zote ni ya R.L. Burnside. Mzee wa Mississippi, mkulima na mvuvi, aliyekwenda Chicago ujanani na, kama alivyosimulia mwenyewe, akapoteza huko baba yake na ndugu zake kwa mauaji. Mwaka 1996, akikaribia miaka sabini, alirekodi A Ass Pocket of Whiskey pamoja na The Jon Spencer Blues Explosion, vijana weupe kutoka New York ambao kelele zao zilikuwa na mzaha mwingi. Waliimaliza kwa alasiri moja tu huko Mississippi. Ni albamu ya matusi, vicheko na magitaa yanayogongana. Wapo wapenzi wa bluzi waliokasirika: vijana wa mjini wanamchezesha mzee, wanamgeuza kikaragosi.

Lawama hiyo ina uzito. Wenye jukwaa kubwa walikuwa ni wale vijana, na uwezo ukiwa upande mmoja, mzaha unaweza kugeuka dhihaka haraka sana. Lakini ukiisikiliza albamu yenyewe, mwenye msiba ndiye anayecheka kuliko wote. Anawasukuma, anawatukana, anawaongoza. Nao kabla ya hapo walikuwa wamemchukua kwenye ziara zao, wakamweka mbele ya watu ambao wasingefika kwenye vilabu vya Mississippi. Kumtetea mtu mzima kana kwamba hajui alichokuwa akikifanya ni namna nyingine ya kumdharau. Mimi nauita huu utani, kwa maana yake kamili.

The White Stripes nao wana kisa chao. Waliuambia ulimwengu kuwa ni kaka na dada, kumbe walikuwa mume na mke waliokuja kuachana. Walidanganya juu yao wenyewe, lakini juu ya deni hawakudanganya. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1999, waliitoa kwa heshima ya Son House. Na katika filamu It Might Get Loud, Jack White anapotakiwa kuonyesha wimbo anaoupenda kuliko yote, anacheza wa mzee huyo usio na hata gitaa, sauti na makofi tu.

Sasa msikilizaji je? Sisi wengi tunakutana na nyumba hii kwa kuingilia uani: tunaanza na mjukuu, ndipo tunasikia kulikuwa na babu. Hilo si dhambi. Lakini dawa ya deni ni kulipa, na aliyefurahia mjukuu amekwisha kukopa kwa babu. Malipo yake naona ni kazi kidogo: kusoma jina lililoandikwa chini ya wimbo, kumtafuta mwenyewe, kumsikiliza mpaka mwisho. Na usimsikilize kama "chimbuko" la fulani, maana Son House hakuimba ili Jack White apatikane. Aliimba kwa sababu zake.

Kwa anayetaka kuanza, chukua "Death Letter" ya White Stripes, kisha ya Son House, ukikaa kimya dakika moja katikati. Halafu Houserockin' ya The Gories. Halafu A Ass Pocket of Whiskey, baada ya hapo umsikilize Burnside akiwa peke yake na gitaa lake, bila vijana.

Binamu yangu nilimjibu kwamba ndiyo, mwenzangu kafiwa, nami nacheza, ila najua jina la marehemu ni la nani na msiba uko kwa nani. Hakuridhika. Alisema watani wa kweli hufika msibani kwa miguu yao, wewe unasikiliza kwenye simu. Hapo ananikaba, na sijui kama kulijua jina kunatosha kwa aliye mbali hivi. Ninachojua ni kwamba kutolijua hakutoshi kabisa.