Uzito wa Mwili na Uzito wa Matendo

Ndugu msomaji, mkulima wa Mbesa, mkoani Ruvuma, afikishapo gunia lake la korosho mahali pa kupimia, macho yake huwa katika mshale wa mizani, maana jasho la msimu mzima liko pale. Lakini je, wajua kwamba uzito wenyewe hubadilika?

Uzito ni nguvu ambayo kwayo ardhi hukivuta kitu. Kadiri kitu kipandavyo mbali na kitovu cha ardhi, ndivyo mvuto huo upunguavyo. Mtu wa kilo 70 akitoka pwani ya Tanga, akapanda hadi kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, kimo hicho peke yake chaweza kumpunguzia gramu kama 130 katika mizani ya springi. Wala nyama na mifupa yake haikupungua! Akipimwa kwa mizani ya mawe, hataona tofauti, kwa kuwa mawe nayo yamepungukiwa kwa kadiri ileile.

Wako wadhanio kwamba huko juu kabisa mvuto umekwisha. Sivyo. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi, Kenya, ikaizunguka dunia kiasi cha kilomita 540 juu. Huko mvuto bado ni kama asilimia 85 ya ule wa hapa chini. Setilaiti ile ilikuwa ikianguka daima, ila kwa kasi yake kubwa iliizunguka ardhi bila kuigusa. Hatimaye hewa nyembamba ikaipunguza mwendo, na Aprili 1979 ikaanguka. Jina lake Uhuru, lakini haikuwa huru na kanuni ya Muumba.

Kurani Tukufu, katika Sura Ar-Rahman, yataja kuinuliwa kwa mbingu pamoja na kuwekwa kwa mizani, kisha yatuamuru tusipunje. Basi anayempunja yatima kilo moja ya korosho asidhani ameihini mizani ya sokoni tu. Anashindana na Yule aliyezisimamisha mbingu.

Na wewe uliyeipokea imani, au ungali wachunguza, huenda waogopa kwamba jamaa watakuhesabu mwepesi. Sifa za watu ni mizani ya springi: mahali pakibadilika, nayo hubadilika. Jipime kwa mizani ya mawe, yaani weka matendo yako mkabala na amri ya Mungu, ambayo huwa pamoja nawe bondeni na mlimani. Ukionekana mwepesi machoni pa watu, nawe hukupungukiwa na kweli, umepoteza nini?

Mwenyezi Mungu atujalie mizani zetu ziwe nzito Siku ile. Amin.