Mnyama wa Msamaria



Sote twaijua habari ya Msamaria mwema katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 10. Twayakumbuka mafuta na divai, twazikumbuka na dinari mbili alizompa mwenye nyumba ya wageni. Lakini liko jambo moja ambalo mara nyingi twalipita upesi: Msamaria alimpandisha yule majeruhi juu ya mnyama wake mwenyewe. Bila shaka aliyekuwa amepanda alishuka, akashika njia kwa miguu, ili aliyelala chini apate kuchukuliwa. Leo yafaa tulitafakari jambo hili kwa ajili ya watoto wetu wenye ulemavu wa viungo.

Mwaka 1944 mama mmoja wa Denmark, jina lake Lis Hartel, alishikwa na polio akiwa mja mzito. Alijitahidi sana kupata nafuu, lakini miguu yake, toka magoti kwenda chini, haikupata nguvu tena. Hata hivyo alirudi juu ya farasi. Mwaka 1952, katika michezo ya Olimpiki ya Helsinki, alipata nishani ya fedha katika mashindano ya kumwongoza farasi kwa hatua za ufundi, akishindana na wanaume wazima wa viungo. Alihitaji kusaidiwa kupanda na kushuka. Na aliyemsaidia kupanda jukwaani kupokea nishani yake ni yule yule aliyemshinda, Henri Saint Cyr wa Sweden. Toka hapo wengi walianza kuona kwamba farasi aweza kuwa msaada mkubwa kwa wenye ulemavu. Mwaka 1969 kiliundwa chama cha kazi hiyo nchini Uingereza, na baadaye kazi hiyo ilienea katika nchi nyingi, hata Kenya jirani yetu.

Msaada huo wapatikanaje? Farasi atembeapo polepole, mgongo wake huenda mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Nyonga za aliyempanda husukumwa vivyo hivyo, karibu sawa na nyonga za mtu atembeaye kwa miguu yake. Basi mtoto asiyeweza kutembea hufundishwa na mnyama mwendo ambao miguu yake haijaujua. Joto la mwili wa farasi, lipitalo kidogo joto la mtu, husaidia kulegeza misuli iliyokakamaa. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hujizoeza kuketi wima na kushika kichwa chake. Si muujiza, wala maradhi yenyewe hayaondoki. Tena si kila mtoto afaa kupandishwa. Lazima kwanza apimwe na mganga. Lakini mtoto aliyezoea kuwatazama watu wote toka chini, siku hiyo huwatazama toka juu, na jambo hilo si dogo.

Sasa angalieni sana: mara nyingi mtoto mmoja hutembea na watu watatu. Mmoja humwongoza farasi, na wawili hutembea kando, huyu kulia na huyu kushoto, wakimshika asianguke. Mmoja apanda, watatu watembea. Ndiyo njia ya Msamaria.

Huenda msomaji wetu aliyeko Matombo, katika milima ya Uluguru, akauliza: Padre, farasi tutamtoa wapi? Ni kweli. Nyika za chini kuelekea Kisaki ni nchi ya mbung'o, na toka mwaka 1895, David Bruce alipofanya uchunguzi wake huko Zululand, twajua kwamba mdudu huyo huwaambukiza wanyama ugonjwa wa nagana. Farasi hustahimili kidogo sana. Na njia zetu za mlimani zawachosha hata watu.

Lakini Mwenyezi Mungu hakutuacha bila kitu. Mama wa Kiluguru ambebapo mtoto mgongoni kwa kanga, miguu ya mtoto ikiwa imetanuka pande mbili, akapanda naye mlima kwenda shambani, mtoto huyo amepanda kweli kweli. Waganga wa mazoezi ya viungo wenyewe husema kwamba kumbeba hivyo mtoto ambaye miguu yake hukakamaa na kupishana ni kuzuri kwake. Jina lenyewe la Matombo lakumbusha maziwa ya mama. Basi mgongo wa mama ndio farasi wa kwanza.

Shida yaja mtoto anapofika miaka saba, minane. Amekuwa mzito, na mama ana mkungu wa ndizi kichwani na mwingine mchanga mgongoni. Ndipo mtoto huachwa juu ya mkeka, ndani, mlango umefungwa. Si kwa chuki, ni kwa uchovu. Lakini giza la nyumba ni lile lile. Wazee walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwetu sisi tupitao njiani ni mwepesi kwa sababu hatuubebi.

Basi yafanyike haya. Baba, na wewe mjomba ambaye mila ya Uluguru imekupa neno juu ya watoto wa dada yako, mpelekeni mtoto hospitali, mkaulize juu ya mazoezi ya viungo. Mkiruhusiwa na mganga, chukueni gogo nene, lizungushieni blanketi, mpandisheni mtoto kama apandavyo farasi, mtu mzima akiketi nyuma yake, amyumbishe polepole huku na huku. Kazi hii haina gharama. Yataka mtu na saa yake. Na ninyi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, gawaneni siku: leo nyumba hii, kesho nyumba ile, watatu watatu, mkamchukue mtoto huyo kwenda shuleni, kwenda Misa, kwenda kuona wenzake wakicheza. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yatambua haki yake ya elimu na matibabu. Lakini sheria haina mgongo wa kumbebea mtoto.

Wala asidhani mtu kwamba maneno haya ni ya wengine. Hujafa hujaumbika. Aliye juu ya mnyama leo, kesho aweza kulala kando ya njia akingoja atakayeshuka.

Jumapili hii, kabla ya kutoka kwenda kanisani, kila mmoja ajiulize: katika kijiji chetu, mlango gani umefungwa na mtoto yumo ndani? Kisha aende akabishe hodi, asiende peke yake.