Ujue Jina la Viza Kabla Shamba Halijauzwa

Wanangu, simkatazi mtu kusafiri. Watu wa mwambao wamevuka bahari tangu enzi za majahazi, na hapa Mombasa zipo nyumba si haba zilizoezekwa kwa jasho la Arabuni. Ila kabla hujamwitikia anayekuja kukusafirisha, mwulize jina la viza utakayoingilia. Mshahara aliokutajia uweke kando kwanza, na picha za maghorofa mwachie mwenyewe. Mshahara ni maneno yake. Viza ndiyo itakayosema uko kule kama nani na unaruhusiwa kufanya nini.

Viza inayowaponza wengi ni ya matembezi. Dubai hutolewa ya siku 30 au 60, na dalali husema, “Ingia tu, ukifika itabadilishwa.” Kubadilishwa kunawezekana, ikiwa yupo mwajiri wa kweli anayekuombea kibali cha kazi. Lakini kabla kibali hakijatoka, kila siku unayofanya kazi uko nje ya sheria, na muda wako ukipita unatozwa faini ya dirhamu 50 kwa siku. Ukidhulumiwa ujira unaogopa kushtaki, na anayekudhulumu anajua kwamba unaogopa.

Wako vijana wa Kenya na Uganda walioambiwa kuna kazi za ofisini Thailand. Waliingia kama wageni, wakavushwa mpaka hadi Myawaddy nchini Myanmar, wakafungiwa na kulazimishwa kutapeli watu kwa mtandao. Walikuwa vijana waliosoma, wanaojua kompyuta. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba wanaodanganywa ni wasiosoma.

Wewe binti unayekwenda Saudia kwa kazi za ndani, neno langu kwako ni refu zaidi. Viza yako ni halali, na hilo ni jema, lakini imefungwa kwa mtu mmoja: kafili, yaani mwajiri anayekudhamini. Yeye ndiye anayekukatia ikama, kile kibali cha kuishi kule, na bila yeye ukaaji wako unayumba. Mwaka 2021 Saudia ililegeza masharti, wafanyakazi wengi wakaruhusiwa kuhama mwajiri na kutoka nchini bila kumwomba ruhusa. Wa majumbani hawakuguswa na mageuzi hayo. Ukitoroka nyumba yenye mateso unaweza kuandikiwa kwamba umetoroka kazi, ukawa wewe ndiye mtuhumiwa. Ndiyo maana nasema mkataba uusome ungali huku, kwa lugha unayoielewa, na uone jina la kafili, mji wake, mshahara na siku ya mapumziko. Tena ujue kwamba hata sheria ya Saudia yenyewe inamkataza mwajiri kukushikia pasipoti. Akiichukua, amekosa yeye. Na ajenti mhakiki kwanza: Kenya kwa Mamlaka ya Taifa ya Ajira, Tanzania kwa TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira. Akikutaka pesa uitume kwenye simu ya mtu binafsi, usitume.

Mnaotazama Ulaya nanyi nisikilizeni. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji wa ajira, na mara ukavuma uvumi wa nafasi 250,000 zinazosubiri Wakenya. Serikali ya Ujerumani yenyewe ilikanusha: mkataba haukutaja idadi yoyote. Njia zipo kweli, lakini zina masharti yake. Anayekwenda kusoma anatakiwa aonyeshe euro 11,904 za mwaka mmoja, zilizowekwa benki katika akaunti inayomruhusu kutoa kiasi maalumu kila mwezi. Ipo pia kadi ya kutafutia kazi, iliyoanza Juni 2024. Hiyo huhesabiwa kwa pointi, na inataka uwe na shahada au mafunzo ya ufundi ya miaka miwili, pamoja na Kijerumani cha kuanzia au Kiingereza kizuri. Kwa maoni yangu, kijana mwenye mwaka mmoja wa kungoja autumie kujifunza Kijerumani. Pesa inayoombwa na dalali ingemlipia mwalimu, ikabaki.

Uingereza, viza ya kulea wazee ilifungwa kwa waombaji wapya wa kutoka nje tangu Julai 2025. Anayekuuzia leo anakuuzia kitu ambacho hakipo. Na mwanafunzi wa shahada kule haruhusiwi kuzidisha saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa muhula. Saa hizo zitamsaidia chakula na nauli, lakini ada hazitailipa. Mzazi anayeuza shamba kulipa muhula wa kwanza akitumaini mtoto atajilipia iliyobaki, anamtuma mwanawe akachague kati ya kuvunja sheria na kuacha shule. Nimewaona waliolia kwa hilo, wazazi na watoto, na hakuna aliyekuwa mvivu kati yao.

Siku ya safari, acha nyumbani nakala ya pasipoti, viza, mkataba, jina na simu ya ajenti, na anwani ya kafili au ya chuo. Mpe mama hata kama hajui kusoma, maana siku simu yako isipopatikana yeye ndiye atakayezishika mkononi na kwenda nazo wizarani kuuliza mwanawe yuko wapi.