Kibarua wa Saa Kumi na Moja

Ikifika Desemba, hoteli za miji ya theluji kwenye milima ya Alps huhitaji watu wa kuosha vyombo, kutandika vitanda na kuzoa theluji milangoni. Mwezi huohuo Singida, Tanzania, hutazama mawingu. Mkoa una msimu mmoja tu wa mvua, wa Novemba au Desemba hadi Aprili, na mkulima wa Ikungi au Mkalama anayechelewa kupanda hana pa kukimbilia. Naye hutafuta watu: wa kulima, wa kupalilia, na kuanzia Mei wa kukata na kupiga alizeti. Kijana anayejitokeza, awe huku au kule, anauza miezi michache ya maisha yake kwa mtu asiyemjua, na msimu ukiisha anafunga mzigo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Julius Nyerere aliutumia msemo huo katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962 kuonyesha kwamba katika jamii ya Kiafrika kila mtu alikuwa mfanyakazi. Kibarua wa msimu, hata hivyo, ni mgeni anayepewa jembe siku ya kwanza, kabla hata ya maji ya kunywa. Je, mwenyeji wa mgeni wa namna hiyo anadaiwa nini zaidi ya fedha walizopatana?

Wanyaturu wa Singida walikuwa na jibu lao, na lilitosha kwa majirani. Mwanaanthropolojia Harold Schneider, katika kitabu alichochapisha mwaka 1970 kuhusu uchumi wa Wanyaturu wa kundi la Wahi, alieleza jinsi kazi kubwa ya shamba ilivyofanywa kwa pamoja na kumalizikia kwenye pombe. Leo watu wanalima kwako, kesho utalima kwao. Utaratibu huo unasimama juu ya jambo moja: kwamba wote mtakuwepo mwakani. Aliyetoka mbali hatakuwepo. Hana shamba la jirani la kudai zamu yake, hana mjomba wa kumsemea kwenye kikao cha wazee. Ndiyo maana kwake fedha mkononi ina uzito ambao haina kwa mwenyeji.

Watu wa Singida wanaujua ugeni huo kwa upande wa pili pia. Wakati wa ukoloni vijana wa Kinyaturu na Kinyiramba walikwenda kwenye mashamba ya mkonge ya mashariki kama manamba, yaani vibarua wa mkataba. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, SILABU, iliyowasomba watu kutoka mikoani. Kule mtu alipewa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30. Akimaliza kazi aliyopimiwa, siku yake iliwekwa alama. Asipoimaliza, hata kama alitoka alfajiri na kurudi jua likizama, siku hiyo haikuwepo kabisa. Kuna wakati hakuna nchi duniani iliyouza mkonge mwingi kuliko Tanganyika, na utajiri huo ulihesabiwa kwa vipande.

Baadaye njia zilibadilika. Wanyisanzu na Wanyiramba wamehamia miaka mingi ng'ambo ya Ziwa Eyasi, Mang'ola, kwenye vitunguu. Wengine hufuata machimbo ya Geita na Kahama.

Sasa ifunguliwe Injili ya Mathayo, sura ya 20, maana hakuna andiko linalomfahamu kibarua kuliko hilo. Mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kuajiri watu, wanapatana dinari moja. Anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa. Saa kumi na moja jioni anawakuta wengine wamesimama bado, anawauliza kisa cha kushinda bure, nao wanajibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Anawatuma shambani. Jioni wote wanapata dinari ileile, na wa alfajiri wananung'unika.

Mimbarani habari hii huhubiriwa kuwa ni neema: hata anayetubu kitandani pa mauti ataingia mbinguni. Ni sawa, lakini mahubiri hayo huruka sokoni alikosimama yule mtu. Mtu wa saa kumi na moja hakuwa mvivu. Alishinda juani akisubiri kuitwa, na kusubiri huko hakuna anayekulipia. Watoto wake watakula usiku huo kama watoto wa aliyeajiriwa alfajiri. Hawatakula sehemu moja ya kumi na mbili ya chakula. Mwenye shamba alilipa kwa kuangalia hilo. Kipande cha mkonge kiliangalia kinyume chake.

Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, inaagiza kibarua maskini, awe ndugu au mgeni, alipwe siku hiyohiyo kabla jua halijatua. Mtume Muhammad, katika hadithi iliyopokewa na Ibn Majah, aliagiza mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho halijakauka. Zote mbili zinashughulikia muda. Kuhusu kiasi, Papa Leo wa 13 aliligusa jambo hilo mwaka 1891 katika waraka wake Rerum Novarum: ujira ukishindwa kumtunza mfanyakazi anayeishi kwa kiasi, basi ni dhuluma, hata kama mwenyewe aliukubali. Hoja yake ni kwamba mtu mwenye njaa hakubali, analazimika. Serikali ya Tanzania nayo imejaribu kuweka sakafu: amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 ilipandisha kima cha chini cha kilimo kutoka shilingi 100,000 hadi 140,000 kwa mwezi, yaani kama 5,385 kwa siku ukigawa kwa siku 26. Lakini kibarua anayelipwa kwa ekari au kwa gunia haioni sakafu hiyo kirahisi.

Mkulima wa Singida atauliza, na ana haki: yule wa mizabibu alikuwa tajiri, je mimi? Mwaka 2023 wakulima wa alizeti mkoani walilalamika hadharani bei ilipoporomoka, huku mafuta ya nje yakiingia kwa ushuru uliopunguzwa. Anayeajiri vibarua wawili kwa ekari tatu mara nyingi ni kibarua mwenyewe mwezi unaofuata. Kumtwika yeye peke yake mzigo wa haki ni kuwaacha wakubwa watembee mikono mitupu.

Njia mojawapo ya wakubwa hao ni lumbesa. Gunia likishonewa kilemba na kujazwa kupita kipimo, mkulima anapunjwa na mnunuzi, jambo ambalo Wakala wa Vipimo hulipiga marufuku kila mwaka na kila mwaka lipo. Lakini anapunjwa pia kibarua anayejaza na kubeba kwa malipo ya gunia moja. Sura ya 83 ya Kurani, inayowaonya wanaopunja vipimo, husomwa zaidi kwa ajili ya wauza duka. Ingefaa isomwe pale Misuna, kwenye soko la vitunguu la Singida mjini, mbele ya magunia.

Ambacho hata mkulima fukara anakiweza ni kusema kiasi kabla ya kazi. Mafakihi wa Kiislamu wamesisitiza kwamba katika ijara, yaani mkataba wa kuajiri, malipo yajulikane tangu mwanzo; mmoja wao, Abu Hanifa, alikataa hata kilimo cha kugawana mavuno kwa sababu fungu la mlimaji halijulikani, ingawa wanafunzi wake wawili walikiruhusu. Kwa kipimo hicho, "tutaelewana kazi ikiisha", maneno yanayosikika mashambani kila msimu, ni kasoro inayouharibu mkataba. Zaidi ya ujira kuna malazi. Umoja wa Ulaya, kwa sheria ya 2014 kuhusu wafanyakazi wa msimu kutoka nje, unataka mgeni awe na malazi yanayofaa na kodi ya malazi hayo isikatwe moja kwa moja kwenye mshahara. Kibarua wa vitunguu hulala kwenye banda la stoo, na hakuna anayeuliza.

Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, vitunguu havitolewi zaka ya mazao kama mtama. Ujira wa aliyeving'oa, hata hivyo, ni deni, na deni halina madhehebu. Kwenye makanisa, mavuno huletwa madhabahuni kisha hunadiwa. Basi wazee wa kanisa na maimamu wa Singida, msimu huu, kabla ya kupokea kilo ya kwanza, mwulizeni mwenye shamba swali moja mbele ya watu: vibarua wamelipwa?