Mgeni Mwenye Mkanda Mweusi

Mkufunzi wa jujitsu ya Kibrazili akialikwa kutoka mbali, ratiba yake huwa fupi: siku mbili, pengine tatu, saa chache kila siku. Anaonyesha namna ya kuipita miguu ya mtu aliyelala chali, namna ya kumpindua aliyekukalia tumboni, kabari moja au mbili za kola. Wenyeji wanamzunguka na simu zao, wanarekodi. Jioni anagaragazana nao mmoja mmoja, na Jumatatu yuko uwanja wa ndege. Wiki ikiisha, wengi wa waliorekodi hawawezi kuirudia mbinu hata moja sawasawa, na video wanayo.

Ajabu ni kwamba hawajuti. Mbinu zile zile zimejaa kwenye intaneti, tena zimepigwa picha vizuri zaidi. Kwa hiyo kiingilio walicholipa kilikuwa cha kitu kingine, na kitu hicho kimewahi kuwasumbua watu wenye akili kubwa kuliko wapiganaji.

Abu Hamid al-Ghazali aliiacha kazi yake ya ualimu Baghdad mwaka 1095, jina lake likiwa juu. Katika kitabu chake cha al-Munqidh min al-Dhalal anasimulia kwamba alikuwa amevisoma vitabu vya masufi na kukielewa kila kinachoelezeka, kisha akabaini kuwa kilichobaki hakipatikani ila kwa kuonja. Alitoa mfano wa mlevi. Kujua ulevi ni nini, na mvuke gani hupanda kichwani, ni jambo moja. Kulewa ni jambo jingine kabisa. Mlevi hana habari na maelezo hayo, lakini amelewa.

Karibu miaka mia tisa baadaye Michael Polanyi, mkemia mzaliwa wa Hungaria aliyehamia falsafa akiwa Manchester, alilishika jambo hilo hilo kwa upande wa kazi za mikono. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1958 alionyesha kwamba mpanda baiskeli hufuata kanuni asizoweza kuzitaja, na fundi stadi vilevile. Basi anayejifunza hana budi kumkubali mwalimu kabla ya kuelewa sababu, kwa kuwa sababu nyingine hata mwalimu mwenyewe hazijui. Hapo ndipo penye shida, na hatujafika mkekani bado: kumkubali mtu kabla ya kuelewa ni hekima, au ni kujitia utumwani?

Kwenye mkeka jambo lenyewe huonekana hivi. Mkufunzi anapachika bega lake chini ya taya ya mwanafunzi, anasogeza nyonga kiasi cha inchi mbili, na mwanafunzi wa kilo tisini anagundua kwamba hapumui vizuri chini ya mtu wa kilo sabini. Kamera iliiona nyonga ikisogea. Uzito haikuuona. Mtoto wa madrasa ya pwani haachiwi msahafu peke yake kwa sababu hiyo hiyo: herufi ya dhadi imechapwa wazi mbele ya macho yake, lakini ulimi unagusa wapi hilo ataliokota kinywani mwa mwalimu, na mwalimu atamrudisha nyuma mara nyingi kabla ya kumruhusu aende mbele.

Kinachowezesha mafunzo ya namna hii bila watu kuvunjwa viungo ni desturi moja ndogo: kugonga. Aliyebanwa anampiga mwenzake kofi jepesi, au anapiga mkeka, na hapo hapo anaachiwa. Mazoezi ya namna hii yalienezwa na Jigoro Kano, aliyeanzisha shule yake ya Kodokan jijini Tokyo mwaka 1882 akiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja. Aliziondoa kwenye mazoezi ya kupambana zile mbinu za hatari zaidi za jujitsu ya kale, ili wanafunzi waweze kukabiliana kwa nguvu zao zote kila siku. Anayebaki na mbinu za kuua hawezi kuzijaribu kwa mtu, hubaki akiziigiza. Anayekubali kugonga anapata jibu la kweli mara kumi kabla ya jua kutua, na kesho anarudi akiwa mzima.

Brazil wana kisa mashuhuri cha mtu aliyekataa kugonga. Tarehe 23 Oktoba 1951, katika uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, Helio Gracie alipambana na Masahiko Kimura, bingwa wa judo wa Japani aliyekuwa ziarani. Kimura alikuwa mzito kuliko yeye kwa mbali. Alimwangusha na kumwangusha tena, kisha akaukamata mkono wake na kuukunja nyuma ya mgongo kwa kufuli ambayo Wajapani huiita ude-garami. Mkono ukavunjika. Helio hakugonga, kaka yake Carlos ndiye aliyeingilia na kusimamisha pambano.

Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya ushujaa, na ujasiri upo. Ila kwa upande wa elimu, sehemu yenye thamani ni iliyofuata. Wabrazil waliichukua mbinu iliyomvunja mtu wao, wakaifundisha watoto wao, wakaipa jina la aliyewashinda. Mpaka leo, kuanzia Rio hadi Nairobi, mbinu hiyo inaitwa kimura. Mtu anaweza kusema kwamba lile ndilo kofi la kugonga lililochelewa kufika, na lililopigwa na watu wengi kwa pamoja. Mgeni alikwisha rudi kwao.

Mchezo wenyewe ulianzishwa na mgeni. Mitsuyo Maeda, mwanafunzi wa Kodokan, aliondoka Japani mwaka 1904, akazunguka Marekani, Ulaya, Kuba na Meksiko akipigana mbele ya watazamaji wenye tiketi, akaingia Brazil mwaka 1914 na hatimaye kutulia Belém, kwenye mlango wa mto Amazon. Huko ndiko kijana Carlos Gracie alikojifunza. Familia inasema alifundishwa na Maeda mwenyewe; baadhi ya watafiti wanasema sehemu kubwa aliipata kwa mwanafunzi wa Maeda aliyeitwa Jacyntho Ferro. Vyovyote iwavyo, mwaka 1925 akina Gracie walifungua chuo chao Rio, na Maeda akaendelea na shughuli iliyomshughulisha zaidi uzeeni, ya kuwapatia wahamiaji wa Kijapani makazi katika Amazon, mpaka alipofariki Belém mwaka 1941.

Ubishi kuhusu Ferro una uzito wake, kwani katika jujitsu silsila ni mali. Mwenye mkanda mweusi atakutajia aliyemfunga mkanda huo, na aliyemfunga huyo, mpaka kwa Carlos, kwa Maeda, kwa Kano. Silsila hulinda elimu isichakachuliwe na matapeli. Pia hugeuka kamba. Carlson Gracie, mtoto wa Carlos, aliwaita wanafunzi waliomkimbia “creonte”, jina alilolitoa kwa mhusika wa tamthilia ya televisheni asiyeaminika, na neno hilo likaenea. Kwa muda mrefu, kufanya mazoezi jioni moja tu kwa jirani kulitosha kumfanya mtu msaliti. Utii uliokusudiwa kwa ajili ya kujifunza ukawa utii kwa mtu, kwa nembo, kwa ada ya mwezi. Ghazali aliyeusifu mwonjo ndiye huyo huyo aliyeanza safari yake kwa kuuvunja ufuasi wa kurithi. Vitu hivi viwili havikugombana kichwani mwake.

Mkufunzi mgeni ana faida hapa ambayo mwenyeji hana, hata mwenyeji akiwa bora kuliko yeye. Unamkabidhi shingo yako kwa saa moja, unagonga, unashukuru, na hakuna anayekumiliki. Hana mamlaka ya kukupandisha mkanda wala kukunyima. Akikosea, wiki ijayo huna haja ya kumtetea. Kujisalimisha kwake kunakuwa kwa kile anachokijua tu, na kukiisha kunaisha.

Pingamizi kubwa kwa haya yote ni John Danaher. Huyu ni raia wa New Zealand aliyekwenda New York kusomea uzamivu wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Columbia, akaishia chumba cha chini cha chuo cha Renzo Gracie, Manhattan. Viungo vyake ni vibovu na hakujijengea jina kwa kushindana. Anafundisha kwa maneno: anagawa, anapanga, anataja sababu, na video zake za mafunzo ni ndefu kama mihadhara. Mwanafunzi wake Gordon Ryan alitwaa taji la uzito wake na taji la wazi, la uzito wowote, mwaka 2019 katika ADCC, mashindano yaliyoanzishwa Abu Dhabi mwaka 1998 na Sheikh Tahnoon bin Zayed, ambaye naye aliionja jujitsu kwanza alipokuwa California. Kumbe maelezo yanafanya kazi? Yanafanya, hasa kwa waliokuwa mkekani naye karibu kila siku kwa miaka.

Na Danaher mwenyewe, lile somo la kufuli za miguu lililompa umaarufu hakulianzisha kwa kufikiri peke yake. Kwa vizazi vingi akina Gracie waliyadharau mashambulizi ya miguu. Oswaldo Fadda, aliyewafundisha maskini wa vitongoji vya Rio, aliposhindana nao miaka ya 1950 na vijana wake wakashinda kwa kufuli hizo, walibezwa kwamba huo ni ufundi wa uswahilini. Dharau hiyo ilivuka bahari. Kisha Dean Lister, Mmarekani wa San Diego aliyetwaa taji la wazi la ADCC huko São Paulo mwaka 2003, alipita kwenye mkeka wa Manhattan na kumuuliza Danaher kwa nini anaipuuza nusu nzima ya mwili wa binadamu. Danaher amesimulia mara nyingi kwamba hakuwa na jibu, na humtaja Lister kwa jina kila anapoulizwa kazi hiyo ilianzia wapi, ingawa aliyemfunga mkanda mweusi ni Renzo Gracie.