Uzuri wa Magofu

Je, yafaa kuufurahia uzuri uliotokana na dhuluma? Huko Wales, kando ya mto Wye, yapo magofu ya Abasia ya Tintern, iliyoanzishwa mwaka 1131. Mwaka 1536 Mfalme Henry wa Nane aliifunga. Mabati ya risasi yaliyofunika paa yakang'olewa, mvua ikainyeshea altare. Mwaka 1792 akafika Turner, mchoraji wa miaka 17 tu, akayachora kwa rangi za maji: matao marefu, mbingu palipokuwa na paa, mimea ikitambaa hata vilele vya nguzo. Kwa kweli, picha zapendeza mno.

Twaona mchoraji hana kosa. Hakubomoa kitu, na jicho lake lilitunza kumbukumbu ambayo wengi walikwisha kuiacha. Tunayemshuku ni mtazamaji anenaye kwamba gofu lapendeza kuliko kanisa zima. Huyo amewasahau wamonaki walioamka kusali usiku mahali pale, wakafukuzwa.

Serikali iliyanunua magofu hayo mwaka 1901, na baadaye mimea ikaondolewa ili kuziokoa kuta. Wako waliosikitikia mimea.