Uadilifu wa Kiongozi Penye Mzani



Uongozi katika sharia huhesabiwa kuwa amana, yaani haki ya mwingine iliyowekwa mkononi mwa mtu ili aifikishe kwa mwenyewe bila kupungua. Aya ya 58 ya Suratun-Nisaa imeunganisha kurudisha amana na kuhukumu baina ya watu kwa uadilifu, bila kuwabagua watu hao kwa dini wala kwa kabila. Wafasiri wengi wameielekeza kwa watawala, lakini inamfikia pia kapita, ambaye ni msimamizi wa kundi la wafanyakazi, na tajiri wa ng'ombe aliyeajiri wachungaji, na mwenye shimo la madini ambaye wachimbaji wa Masisi, mashariki mwa Kongo, humwita PDG, kifupisho cha Kifaransa cha mkurugenzi mkuu wa kampuni, cheo kikubwa mno kwa mtu ambaye pengine mali yake yote ni sururu, pampu ya maji na deni la chakula.

Katika eneo la Kibabi huko Masisi, kama ilivyo Masisi yote na Walikale jirani yake, swali la nani apewe kazi na nani alipwe nini halijapata kuwa dogo. Tangu mwaka 1937 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilihamisha familia nyingi kutoka Rwanda na kuzileta Masisi ili mashamba ya Wazungu yapate vibarua, na ugomvi wa ardhi na utawala wa kimila uliochipuka humo ukaja kulipuka mwaka 1993 katika soko la Ntoto, Walikale, kisha ukaenea hadi Masisi. Baadaye kazi kubwa imekuwa koltani, madini yatumikayo katika vifaa vya elektroniki. Mwaka 2013 kampuni yenye kibali cha machimbo ya Rubaya na ushirika wa wachimbaji wadogo uitwao COOPERAMMA walitia saini makubaliano ya kufanya kazi pamoja, lakini mabishano juu ya malipo na juu ya nani auziwe madini yaliendelea kwa miaka, yakichukua pia sura ya ukabila, hata mji wa Rubaya ukatekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Aprili 2024. Mahali penye historia kama hiyo, kosa dogo la mzani husomwa kuwa dhuluma ya kabila zima, na mara nyingine usomaji huo si wa uongo.

Mfano ulio karibu zaidi na hali hiyo ni ule wa Khaybar. Mwaka wa 7 wa Hijra, sawa na 628, Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, aliwaachia Mayahudi wa mji huo walime mashamba na mitende kwa sharti la kugawana mazao nusu kwa nusu, na akawa akimtuma sahaba wake Abdullah bin Rawaha kukadiria matunda kabla ya kuvunwa. Imepokewa katika Muwatta ya Imamu Malik kwamba walimkusanyia mapambo ya wake zao ili awapunguzie hesabu, naye akayakataa, akaeleza wazi kwamba hakuwapenda lakini chuki hiyo haitamfanya awadhulumu, na katika mapokezi mengine akawapa hiari ya kuchagua, ama wao wachukue kwa makadirio yake ama yeye achukue kwa makadirio hayo hayo. Jambo hili lastahili kutazamwa sana, kwa sababu Ibn Rawaha hakudai kuwa na moyo mweupe kwa kila mtu. Alichofanya ni kuweka utaratibu ambao mwenye chuki na mwenye mapenzi wangepata nao kipimo kimoja. PDG anayepima magunia mbele ya wachimbaji wote, akakubali mchimbaji wa kabila jingine aukague mzani, amefanya zaidi ya yule anayehubiri umoja huku akipima peke yake nyuma ya turubai.

Mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wameshurutisha ujira ujulikane kabla ya kazi. Wakahitilafiana kuhusu kumlipa mtu kwa sehemu ya kile anachokitoa, kama msagaji kulipwa unga: Mashafii wameizuia njia hiyo, na Mahanbali wameiruhusu iwapo fungu limetajwa. Hakuna kati yao aliyeruhusu fungu lisilojulikana, ambalo mchimbaji hulisikia jioni baada ya kukatwa chakula, betri na ushuru ambao hakuambiwa asubuhi.

Kuhusu uteuzi, Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, ameandika katika kitabu chake cha siasa ya kisharia kwamba anayemwacha anayefaa zaidi akampa kazi mwingine kwa ajili ya udugu, urafiki, mji mmoja au kabila, amefanya khiyana. Kapita anayejaza zamu nzima kwa wajomba zake na aisome hukumu hiyo polepole.

Wanawake nao huosha mchanga, hubeba na kutwanga, ilhali mila huwazuia wasiingie shimoni. Kumkinga mjamzito na kazi ya machimbo ni sahihi, na kanuni za Kongo za mwaka 2012 zimelitaka hilo, lakini kinga hiyo haimpi kiongozi ruhusa ya kuwaweka wanawake wote nje ya ushirika na mbali na mzani, kwa kuwa aya ya 32 ya Suratun-Nisaa imethibitisha fungu la mwanamke katika alichokichuma.

Linabaki suala la wanaokimbia vita kabla ya kulipwa. Ujira wao haufutiki kwa kukimbia. Ni deni, na la aliyekufa hudaiwa na warithi wake, awe Mhunde, Mhutu, Mtutsi au Mtembo, Mwislamu au Mkristo. Katika hadithi ya watu watatu waliofungiwa pangoni, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mmoja wao alikuwa na kibarua aliyeondoka bila kuchukua ujira wake wa nafaka, mwajiri huyo akaupanda, ukazaa hata ukawa ng'ombe pamoja na mchungaji wao, na kibarua aliporudi akidhani anafanyiwa mzaha, alikabidhiwa vyote.